Mchangiaji Mweusi wa Seli Shina Alipopigiwa Simu Katikati ya Janga: Uchambuzi wa Kisa cha Marekani, 2020

Mwishoni mwa Machi 2020, shirika la NMDP, ambalo linaendesha rejista ya taifa ya wachangiaji wa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) na seli shina (seli zinazozaa chembe zote za damu) nchini Marekani na lenye makao makuu mjini Minneapolis, lilizitaka hospitali zifuate utaratibu ambao miezi michache nyuma ulikuwa wa nadra: seli za mchangiaji zikusanywe, zifike hospitali anakotibiwa mgonjwa, zigandishwe na kuhifadhiwa, ndipo mgonjwa aanze kupewa dawa kali za kuufuta uloto wake mwenyewe. Mpaka wakati huo mambo yalikwenda kinyume chake. Mgonjwa alianza dawa siku kadhaa kabla, seli zikasafirishwa mbichi mkononi mwa mjumbe, zikaingizwa mwilini mwake muda mfupi baada ya kufika. Utaratibu huo wa zamani ulisimama juu ya jambo moja ambalo UVIKO-19 ililivunja, nalo ni imani kwamba mchangiaji aliyepimwa na kukutwa mzima wiki iliyopita atakuwa mzima pia siku ya kuchangia. Mgonjwa ambaye uloto wake umekwisha kufutwa, kisha mchangiaji wake akaamka na homa, hana pa kurudi. Asipopata seli mapema, atakufa kwa maambukizi au kwa kuvuja damu.

Kwa mgonjwa agizo lile lilikuwa la busara, na sina la kulipinga. Ninayetaka kumwangalia ni mtu wa upande wa pili wa simu, yaani yule kijana aliyeambiwa kwamba vinasaba vyake vimelingana na vya mgonjwa asiyemjua, na kuulizwa kama bado yuko tayari. Ninamwangalia hasa mchangiaji Mweusi, kwa sababu katika miezi ile kuanzia Machi hadi Juni jibu lake lilikuwa na uzito kuliko la wachangiaji wengi wengine, na wakati huohuo kusema ndiyo kulimgharimu zaidi.

Uzito huo chanzo chake ni vinasaba vya HLA, vilivyo katika kromosomu ya sita, ambavyo kinga ya mwili huvitumia kumtofautisha mwenyeji na mgeni. Visipolingana, mwili wa mgonjwa unaweza kuzikataa seli alizopandikizwa, au seli hizo zikaugeukia mwili na kuushambulia kwenye ngozi, ini na matumbo. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa, na takriban wagonjwa saba kati ya kumi hawana ndugu anayefaa, hivyo hutafutiwa mtu baki katika rejista. Mtu baki huyo kwa kawaida hutoka katika asili moja na mgonjwa. Sasa, Waafrika wana anuwai kubwa ya vinasaba hivi kuliko watu wa mabara mengine, na Wamarekani Weusi ni uzao wa watu waliotekwa sehemu nyingi za Afrika, wakachanganyika wao kwa wao na pia na watu wa Ulaya na wenyeji wa Amerika, kwa hiyo michanganyiko yao ya HLA ni mingi na baadhi ni adimu mno. Uchunguzi wa rejista ya NMDP uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la New England Journal of Medicine ulikadiria kwamba Mmarekani mwenye asili ya Ulaya ana nafasi ya asilimia 75 ya kumpata mchangiaji anayelingana naye kikamilifu, yaani kwa vipimo vinane kati ya vinane. Kwa Mmarekani Mweusi nafasi hiyo ilikuwa asilimia 19. Makadirio hayo hayakuhesabu majina yaliyomo rejistani tu, bali yalizingatia pia uwezekano wa mwenye jina kupatikana anapoitwa.

Ndiyo maana mgonjwa Mzungu, mchangiaji wake wa kwanza akikataa, mara nyingi anaye wa pili na wa tatu. Mgonjwa Mweusi, akiwa na bahati, ana jina moja.

Tumchukue mtu wa mfano, ambaye nimemuunda mwenyewe ili hali ionekane kwa karibu. Ni mwanamke Mweusi wa miaka 27, anaishi upande wa kusini wa Chicago, na kazi yake ni kuwahudumia wakazi wa nyumba ya wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Alijiandikisha akiwa na miaka 20, chuoni, siku ambayo wanafunzi wenzake waliweka meza ukumbini. Akapitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu, akajaza fomu, akawahi kipindi. Anaishi na bibi yake mwenye kisukari na mwanawe wa miaka minne. Simu inapigwa katika wiki ya pili ya Aprili 2020. Siku chache kabla, tarehe 6 Aprili, maofisa wa jiji lake walitangaza kwamba Weusi, ambao ni chini ya theluthi moja ya wakazi wa Chicago, walikuwa takriban asilimia 70 ya waliokufa kwa UVIKO-19 mjini humo hadi wakati huo. Anayempigia anamweleza kwamba mgonjwa ana saratani ya damu, anamtajia umri na jinsia, basi. Jina haruhusiwi kulijua, na hata baada ya kuchangia utapita angalau mwaka mmoja kabla ya wawili hao kuweza kujuana, tena ikiwa wote wataridhia.

Anaombwa nini hasa? Kwanza ajibu maswali marefu kuhusu afya yake, atolewe damu ili kuthibitisha ulinganifu, kisha afanyiwe uchunguzi kamili wa mwili. Akipita, achomwe sindano za filgrastimu kwa siku tano mfululizo, dawa inayoufanya uloto uzalishe seli shina kwa wingi na kuzimwaga katika mzunguko wa damu. Siku ya tano anaketi kwenye mashine inayotoa damu mkono mmoja, kuchuja seli na kuirudisha damu mkono wa pili, kwa saa nne hadi nane, na pengine arudi kesho yake. Njia ya pili ni kufyonza uloto wenyewe kutoka mfupa wa nyonga kwa sindano, akiwa amelazwa nusukaputi katika chumba cha upasuaji. Kituo cha kukusanyia kinaweza kuwa mji mwingine, na gharama za safari, hoteli na chakula hulipwa na rejista.

Katika mwaka wa kawaida hayo yote ni usumbufu wa kuvumilika, na maelfu ya watu huuvumilia. Aprili 2020 kila hatua ilibeba maana nyingine. Kliniki ilikuwa ni mahali pa kuokota virusi. Ndege na hoteli zilikuwa ni vitu ambavyo serikali yenyewe ilikuwa ikiwasihi watu waviepuke. Ndugu wa kumsindikiza huenda asiruhusiwe kuvuka mlango. Filgrastimu huleta maumivu ya mifupa, kichwa na uchovu, na mhudumu wa wazee anayefika kazini akilalamika kwamba mwili mzima unamuuma, katika mwezi ule, angerudishwa nyumbani mara moja akae bila mshahara. Sheria ya likizo ya ugonjwa yenye malipo iliyotiwa saini tarehe 18 Machi 2020 isingemsaidia: iliwaacha nje waajiri wenye wafanyakazi 500 au zaidi, iliwaruhusu waajiri kuwatenga watumishi wa huduma za afya, wakiwemo wa nyumba za wazee, na hata hivyo kuchangia seli hakukuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Juu ya yote alikuwapo bibi. Mwanamke huyu tayari anavua viatu na sare kibarazani kila jioni ili asimpelekee ugonjwa. Sasa anaombwa aongeze safari tatu au nne za hospitali.

Akisema hapana, rejista itaandika kwamba hapatikani.

Neno hilo ndilo kiini cha kisa hiki, kwa maoni yangu, na ninaomba nikae nalo kidogo. Katika hesabu za rejista, "hapatikani" linaweza kumbeba mtu aliyekataa katakata, aliyebadilisha namba ya simu tangu alipojiandikisha, aliyehama, mjamzito, mwenye shinikizo la damu lisilotulia, aliyekuwa tayari ila mwajiri wake hakuwa tayari, na aliyeomba aachwe wiki mbili afikirie wakati mgonjwa hana wiki mbili. Hesabu zikijumlishwa huonyesha kwamba wachangiaji wa jamii za wachache hupatikana kwa kiwango cha chini kuliko Wazungu, jambo ambalo ni kweli na lilikuwa kweli miaka mingi kabla ya janga. Lakini kutoka hapo watu huruka moja kwa moja hadi kwenye neno "utayari", wakaanza kuuliza kwa nini Weusi hawapendi kuchangia, kana kwamba wamekwisha kuulizwa wote na wote wamejibu. Mtu ambaye simu yake haikuita hakukataa kitu.

Wapo walioulizwa kweli. Mwaka 2013 Galen Switzer wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walichapisha utafiti kuhusu namna watu wa asili mbalimbali wanavyofikia uamuzi baada ya kuitwa. Walikuta kwamba watu wa jamii za wachache walikuwa na mashaka zaidi kama seli zinagawiwa kwa haki, walitaja zaidi vikwazo vya kidini, na walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wamekatishwa tamaa na watu wa karibu. Hili la mwisho sisi tuliolelewa katika familia kubwa tunalielewa bila kuelezwa. Uamuzi wa kuutoa mwili wako ulazwe nusukaputi haufanywi na mtu peke yake, unapita kwa mama, kwa shangazi, kwa mchungaji au sheikh, na mmoja wao akisema "mwanangu, wakikufanya vibaya huko nani atakulilia?" mambo huishia hapo.

Kuhusu kutoaminiana, ni desturi kuutaja utafiti wa Tuskegee, na ni haki utajwe. Kuanzia 1932 hadi 1972 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wa Kaunti ya Macon, Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende, ikawaacha bila tiba ili ione ugonjwa unavyokwenda, hata baada ya penisilini kuwa dawa ya kawaida ya kaswende miaka ya 1940. Rais Bill Clinton aliomba radhi Mei 1997. Hata hivyo, nina wasiwasi na namna tunavyoitumia historia hii. Ikitajwa peke yake inageuka kisingizio cha kusema kwamba tatizo liko katika kumbukumbu za Weusi, jambo la zamani ambalo elimu kidogo italiondoa. Mwanamke wetu wa Chicago hahitaji kumbukumbu ya mwaka 1932. Anahitaji tu kukumbuka Machi 2020, alipoomba barakoa kazini akaambiwa hazijafika, au jirani yake aliyekwenda hospitali akikohoa akarudishwa bila kupimwa. Kisha simu ya hospitali inakuja kumwomba yeye msaada.

Nirudi kwenye agizo la kugandisha, maana lilibadilisha ombi lenyewe na sidhani kama mabadiliko hayo yalipata uzito uliostahili. Kabla ya Machi 2020 mchangiaji alikuwa na hakika karibu kamili kwamba seli zake zitaingia mwilini mwa mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa alikuwa ameshaanza dawa na hakukuwa na njia nyingine. Baada ya agizo, seli zilikusanywa kwanza na uamuzi wa kupandikiza ukabaki mbele. Mgonjwa anaweza kuzidiwa, saratani ikarudi, au akafariki kabla. Baadhi ya seli zilizokusanywa katika kipindi kile hazikuwahi kutumika. Mtu alichomwa sindano siku tano, akakosa mshahara, akamweka bibi yake hatarini, na mfuko ukabaki kwenye jokofu. Si kosa la mtu. Lakini mchangiaji ana haki ya kuambiwa hilo waziwazi kabla hajakubali, na kwa mtu ambaye tayari anashuku kwamba seli hazigawiwi kwa haki, kuligundua baadaye kunathibitisha shaka yake.

Papo hapo, agizo hilohilo lilimfaa mgonjwa Mweusi kuliko wengine. Mwenye wachangiaji watatu angeweza kuhimili mmoja akiugua. Mwenye mmoja asingeweza. Seli zikishagandishwa, ugonjwa wa mchangiaji hauwezi tena kumuua mgonjwa. Kwa hiyo utaratibu uliompunguzia mgonjwa hatari ulihamishia sehemu ya mzigo kwa mchangiaji, na kwa kuwa wawili hao hutoka katika asili moja, mzigo na faida vyote vilibaki ndani ya jamii ileile. Sijui namna ya kulipima jambo hilo kwa mizani moja, na ninashuku wale wanaodai wanaijua.

Kundi moja halikufaidika hata kidogo, nalo ni la wagonjwa wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao nchini Marekani karibu wote ni Weusi. Miongozo ya mwanzo wa janga ilishauri upandikizaji kwa magonjwa yasiyo ya saratani uahirishwe. Kwa magonjwa hayo madaktari hupendelea uloto kuliko seli za damu, na kuuvuna uloto kunahitaji vyumba vya upasuaji, ambavyo katikati ya Machi vilifungwa kwa kila jambo lisilo la dharura. Mchangiaji aliyekuwa tayari kabisa hakuwa na mahali pa kuutoa utayari wake.

Juhudi zilizosifiwa sana siku zile zilikuwa za usafiri. Tarehe 11 Machi Rais Donald Trump alipotangaza kuwazuia wasafiri kutoka nchi nyingi za Ulaya, rejista zilihangaika kupata ruhusa maalumu kwa wajumbe wa seli, na kazi hiyo iliokoa watu. Nawapa heshima yao. Ila rejista kubwa za Ulaya, ya Ujerumani ikiongoza, zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Mgonjwa Mweusi wa Alabama hakuwa akingoja ndege ya Frankfurt. Mtu wake, kama yupo, pengine alikuwa mwendo wa saa chache kwa gari, akiendesha basi la jiji au akipanga bidhaa ghalani.

Na wakati hao walioandikishwa wakiitwa, mlango wa kuandikisha wapya ulifungwa. Meza za vyuoni, hasa katika vyuo vya kihistoria vya Weusi, na za makanisani baada ya ibada, zote zilisitishwa. Badala yake watu walialikwa kujiandikisha mtandaoni na kutumiwa vijiti kwa posta. Njia hiyo ni nzuri kwa aliyekwisha kuamua. Kwa mwenye maswali, bahasha haijibu. Kanisani alikuwapo mtu aliyesimama na kusema kwamba alichangia na akarudi kazini, na mama wa mgonjwa aliyeshika picha ya mtoto wake. Mtu akipeleka kijiti shavuni baada ya kusikia hayo, anajua anachokiahidi, na akipigiwa simu miaka saba baadaye anakumbuka kwamba aliahidi.

Kisha tarehe 25 Mei, katika jiji hilohilo la Minneapolis ambamo rejista ina ofisi zake, polisi alimuua George Floyd, mwanamume Mweusi. Ninalitaja kwa sababu miezi ile haiwezi kuelezwa kwa ugonjwa peke yake. Vijana Weusi wa miaka 18 hadi 35, umri ambao madaktari huupendelea zaidi kwa wachangiaji, ndio waliojaa barabarani. Hao hao walikuwa wakithibitisha kila usiku kwamba wako tayari kuhatarisha miili yao kwa ajili ya watu wasiowajua, pale wanapoamini kwamba jambo ni lao.

Msomaji wa Kiswahili asidhani haya yanawahusu wengine. Katika kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Smithfield mjini Sioux Falls, Dakota Kusini, mojawapo ya sehemu zilizoathirika vibaya zaidi Aprili 2020, wafanyakazi zaidi ya 900 waliambukizwa, takriban robo ya wote, na wachunguzi wa afya walipoorodhesha lugha kumi zinazozungumzwa zaidi kiwandani, Kiswahili kilikuwamo. Mtoto wa familia ya Kikongo iliyohamishiwa Marekani kutoka kambini, akipata saratani ya damu, hatalingana kwa urahisi hata na Mmarekani Mweusi. Uchunguzi ule wa 2014 uliwahesabu Waafrika waliohamia peke yao na kuwapa asilimia 18. Anayefaa zaidi ni Mkongo mwenzake, Mrundi, au Mtanzania, na rejistani hao ni wachache sana. Hospitali zetu za Tanzania zimeanza kazi hii kwa njia nyingine: Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma imekuwa ikiwapandikiza watoto wenye selimundu kwa kutumia uloto wa ndugu zao. Asiye na ndugu anayelingana bado anategemea watu baki, na kuwapata watu baki kunahitaji rejista yenye watu wetu.

Tiba nayo haikusimama. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioendeshwa na NMDP kwa wagonjwa 80 waliopewa uloto wa watu baki wasiolingana nao kikamilifu, kisha wakapewa dawa ya saiklofosfamidi siku chache baada ya kupandikizwa ili kuzituliza seli ngeni. Karibu nusu yao walitoka jamii za wachache, na baada ya mwaka mmoja asilimia 76 ya wote walikuwa hai. Hii ni habari kubwa, kwa kuwa inapanua mduara wa wanaofaa: anayelingana kwa vipimo vitano kati ya vile vinane anaweza kuwa mchangiaji. Bado lazima awepo, apokee simu, na aweze kuondoka kazini.

Nimalizie na mwanamke wa Chicago. Tuseme alikataa Aprili 2020, kwa sababu ya bibi. Kwa kanuni za NMDP jina lake halifutwi kwa hilo. Anaweza kubaki rejistani mpaka atimize miaka 61, yaani hadi mwaka 2054, na mgonjwa mwingine anayelingana naye anaweza kutokea wakati wowote. Kinachohitajika sasa ni mtu wa rejista ampigie siku ambayo hakuna mgonjwa anayengoja, amuulize bibi anaendeleaje, amweleze nini kimebadilika tangu wakati ule na ni nani atakayemfidia siku za kazi, kisha aandike namba yake mpya ya simu.